Kuhamia nchi tulivu ukiwa na usonji: kelele zinapungua, mengine yanaongezeka

Watu wazima wenye usonji (autism) wakikaa kuzungumza, suala la kuhama halichelewi kujitokeza. Wanachokizungumzia kwa kawaida ni kuhama nchi kabisa, kwenda kwenye watu wachache na magari machache. Majina ni yaleyale: kaskazini mwa Finland, visiwa vya magharibi mwa Ireland, Kisiwa cha Kusini cha New Zealand, vijiji vya Japani ambavyo vijana wamevikimbia. Anayeunga mkono atakwambia kinachomlemaza mtu mwenye usonji ni mazingira, basi na abadili mazingira. Anayepinga atakwambia huko ni kukimbia matatizo, kwani usonji nao utapanda ndege.

Hoja ya "kukimbia" naiweka kando mapema, maana haina uzito. Mgonjwa wa pumu akiuhama mji wenye vumbi hakuna anayemwita mwoga. Swali la maana ni kama huko aendako atapata kile anachokwenda kukitafuta, na atalipa nini.

Kwanza, kelele zenyewe. Hili si deko. Tangu 2013, mwongozo wa utambuzi unaotumiwa na madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5, unataja miongoni mwa dalili za usonji hisi zinazopokea mambo kupita kiasi au chini ya kiasi: sauti, mwanga, harufu, mguso. Mtu wa namna hiyo akikaa siku nzima kwenye ofisi isiyo na kuta, simu za wenzake zinaita, mashine ya kuchapa inakoroma na taa ya dari inapepesa kwa namna ambayo wenzake hata hawaioni, jioni anarudi nyumbani hoi. Kazi haikuwa ngumu. Kilichomchosha ni kuchuja.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwa nchi za Ulaya kwamba kelele za barabarani zisizidi wastani wa desibeli 53, na usiku zisizidi 45, kwa ajili ya afya ya watu wote, wenye usonji na wasio nao. Nyumba iliyo kando ya barabara kuu huvuka viwango hivyo bila shida. Tena sikio lina hesabu yake: desibeli zikipungua kwa 10, sauti husikika kama imepungua nusu. Anayetoka kwenye 65 kwenda 45 amepunguziwa mpaka robo. Kwa hiyo wanaosema "kelele ziko kila mahali" wanasema kweli isiyosaidia.

Lakini kuna jambo ambalo wengi huligundua wakishahamia. Mjini kelele moja humezwa na nyingine. Penye ukimya hakuna cha kuimeza, na kila sauti hubaki peke yake, uchi. Friji inaanza kunguruma saa nane usiku; umelala macho wazi ukisubiri inyamaze, ikishanyamaza unasubiri ianze tena. Jumamosi jirani anawasha msumeno wa mnyororo na hujui atamaliza lini. Kengele ya kanisa inagonga kila saa. Mavuno yakifika, matrekta yanakesha. Kinachowachosha wengi wenye usonji ni sauti isiyotabirika na isiyozimika, zaidi ya wingi wa sauti. Mashambani sauti ni chache, ila nyingi kati ya hizo hazina ratiba.

Ndiyo maana naona kuna aina mbili za utulivu, na watu huzichanganya. Upo unaotokana na uchache wa watu, na upo unaotokana na kanuni. Ujerumani ina watu wengi kwa kila kilomita ya mraba kuliko Finland mara kumi na zaidi, lakini kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi watu wanatakiwa kutulia, na Jumapili imelindwa na katiba yenyewe kuwa siku ya mapumziko. Mashine ya kukata majani Jumapili ni jambo la kukuletea barua. Kwa mtu anayehitaji kujua kelele zitaanza lini na kukoma lini, nyumba ya kupanga katika mji mdogo wenye kanuni kama hizo yaweza kumfaa kuliko shamba lisilo na jirani wala sheria. Sijasikia wengi wakiuliza hili wanapochagua pa kwenda. Wanaangalia picha za milima.

Na si masikio peke yake. Utsjoki, kaskazini kabisa mwa Finland, jua halichomozi tangu mwishoni mwa Novemba mpaka katikati ya Januari, na kiangazi linakaa angani kama miezi miwili bila kuzama. Usingizi wa taabu ni jambo la kawaida sana kwa wenye usonji. Aliyekuwa akipata usingizi kwa shida, hapo atahitaji mapazia mazito, na pengine vidonge. Vidonge navyo vina mipaka ya nchi: melatonini inauzwa dukani Marekani, lakini Uingereza hutolewa kwa cheti cha daktari. Wenye usonji ambao pia wana tatizo la umakinifu (ADHD) wanapaswa kuwa waangalifu zaidi. Japani imepiga marufuku dawa zake zenye amfetamini yenyewe, Adderall ikiwemo, hata ukiwa na cheti. Ukiingia nazo mfukoni utashughulikiwa na polisi.

Sasa nije kwenye faida ambayo kwangu ni kubwa kuliko ya kelele, nayo haitajwi sana. Mgeni husamehewa. Nyumbani, mtu asiyekutazama machoni, anayejibu kwa mkato, asiyeelewa utani na anayeomba maagizo kwa maandishi, huitwa mwenye kiburi au mtu asiyelelewa vizuri. Ugenini mtu huyohuyo huitwa mgeni, basi. Watu wanamweleza mambo waziwazi, wanarudia bila kukasirika, hawategemei ang'amue mafumbo. Mwaka 2012 Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, alitoa hoja kwamba kutoelewana kati ya wenye usonji na wasio nao ni kwa pande mbili, wala si upungufu wa upande mmoja. Ugenini pande zote mbili zinajua tangu mwanzo kwamba kuna pengo, na kila upande unanyoosha mkono kidogo. Daniel Tammet, mwandishi mzaliwa wa London mwenye usonji, alikwenda Kaunas, Lithuania, mwaka 1998 kufundisha Kiingereza, na baadaye akahamia Ufaransa. Huko kote hakufuata ukimya. Alifuata kazi, lugha na watu.

Tatizo ni kwamba msamaha huu una muda wake. Ukishaijua lugha vizuri, lafudhi ikapungua, watu wanaanza kukupima kama wanavyopimana wao. Ukibaki bila lugha, msamaha unaendelea, ila kila simu ya benki na kila ziara ya daktari inakuwa mtihani. Aliyezoea kuvaa sura ya watu wengine ili aonekane wa kawaida atajikuta anaivaa upya, safari hii kwa lugha ya kigeni.

Kijiji nacho kina kelele yake isiyopimwa kwa desibeli. Mjini unaweza kukaa jengo moja na watu mia na asiwepo anayejua jina lako. Kwa wengi wenye usonji huo ni uhuru. Kijijini wiki haiishi watu wote hawajajua umetoka wapi na kwa nini taa yako inawaka usiku. Chukua Japani. Uchunguzi wa makazi wa 2023 ulikuta nyumba tupu zipatazo milioni 9, na nyingine zinauzwa kwa bei ya kuchekesha. Lakini vijiji vingi vina umoja wa wakazi: siku fulani mnafyeka majani, siku nyingine mnazibua mitaro, na asiyetokea anaonekana. Kwa mtu mmoja hilo ni zuri kupita mji, kwani wajibu uko wazi na hakuna soga za kubuni. Kwa mwingine ndiyo adhabu aliyokuwa akiikimbia.

Tena nyumba haiwi tupu bila sababu. Hospitali iko mbali, basi linapita mara chache, shule imefungwa. Bila gari, utulivu unageuka kifungo, na si kila mwenye usonji anaendesha. Uingereza, kwa mfano, dereva anatakiwa kuiarifu mamlaka ya leseni kama usonji wake unaathiri uendeshaji.

Lililo zito kuliko yote ni mlango wa kuingilia. Hapa ndipo mjadala unapokuwa wa kitoto, maana watu huzungumza kana kwamba kuhama ni suala la kuamua tu. Australia humpima mwombaji wa viza kwa gharama anazoweza kuiletea huduma ya afya na ustawi wa jamii. Kiwango kilikuwa dola za Australia 51,000, na tangu Julai 2024 ni 86,000. Kinachouma ni namna ya kukokotoa: huangaliwa mtu wa kufikirika mwenye hali kama yako angeweza kutumia nini, hata kama wewe hukusudii kutumia senti. Sheria ya Australia ya 1992 inayokataza ubaguzi dhidi ya wenye ulemavu imeyaacha nje mambo ya uhamiaji, na nchi hiyo iliporidhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008, iliweka tamko kwamba mkataba huo haugusi masharti yake ya afya kwa wageni. New Zealand nayo ina kipimo cha gharama, na kanuni zake zinautaja usonji mkali kwa jina. Kanada ililegeza mwaka 2018: ilipandisha kiwango mara tatu na kuondoa kwenye hesabu gharama za elimu maalumu na huduma za kijamii.

Upande wa pili una haki ya kusikilizwa. Serikali itasema huduma hizo zinalipwa na walipa kodi na haziwatoshi hata waliopo. Pia ni kweli kwamba mtu mzima mwenye usonji anayejitegemea, mwenye kazi, mara nyingi gharama zake zitakadiriwa chini ya kiwango na atapita. Hata hivyo siwezi kuutetea utaratibu unaompima mtu kwa jina la hali yake badala ya maisha yake. Na wale wanaoshauriana kunyamaza wasiutaje usonji kwenye fomu wanapeana sumu: taarifa za uongo zinaweza kuifuta viza hata miaka kadhaa baadaye, ukiwa umeshatulia.

Raia wa nchi ya Umoja wa Ulaya anacheza mchezo mwingine kabisa. Maagizo ya 2004 kuhusu uhuru wa kuhama yanaruhusu kumzuia mtu kwa sababu za kiafya pale tu panapokuwa na magonjwa ya kuambukiza yenye hatari ya mlipuko. Usonji haumo. Sharti lake ni jingine: akikaa zaidi ya miezi mitatu bila kazi, awe na fedha za kumtosha na bima kamili ya afya. Kadi ya ulemavu ya Umoja huo iliyopitishwa 2024 imelenga ziara fupi. Haimbebei mtu posho wala huduma zake hadi nchi mpya.

Msaada, kwa kweli, hausafiri. Ripoti ya utambuzi itatafsiriwa, itagongwa mhuri, kisha daktari mpya atasema anahitaji uchunguzi wake mwenyewe. Viza nyingi za Uingereza humzuia mwenye viza kupata fedha za umma mpaka apate ukazi wa kudumu. Ruzuku ya Ireland ya hadi euro 84,000 kwa nyumba chakavu za visiwani ni ya ukarabati. Haimpi mtu kibali cha kuishi nchini.

Nikiyaweka yote pamoja, naona kuhama kunawafaa wachache, na kunawafaa sana. Ni yule ambaye kipato chake kinasafiri naye, ambaye mlango wa kuingilia uko wazi kwa uraia au ndoa, ambaye mahitaji yake ni ukimya na nafasi kuliko huduma. Huyo asizuiwe na maneno ya watu. Yule anayetegemea mshauri, posho, au dada anayempigia simu za ofisini, atakuwa anauza nguzo ili anunue pazia. Huyo namwambia aanze na yaliyo karibu: madirisha yenye vioo viwili, ghorofa ya juu kabisa, kazi ya kufanyia nyumbani, au mji mdogo wa nchi yake ambako lugha na bima ni zilezile.

Anayebaki na shauku akae huko mwezi mmoja, tena mwezi mbaya kuliko yote wa mwaka, si wa likizo. Afanye mambo ya kuchosha: apande basi la kwenda kwa daktari, apige simu kampuni ya intaneti kwa lugha ya huko, azungumze na mwenye nyumba kuhusu bomba linalovuja. Alale madirisha yakiwa wazi na aandike kila sauti iliyomwamsha na saa yake. Kisha amwulize mwanasheria wa uhamiaji, kwa maandishi, usonji unahesabiwa vipi kwenye viza anayoitaka. Hayo yote ayafanye kabla hajaiacha nyumba aliyo nayo.