Mama mkimbizi hakatai hospitali

Kila penye kambi ya wakimbizi hukosi kusikia kauli hii: akina mama wanajifungulia kwenye mahema kwa sababu hawana elimu. Basi zinaletwa semina na vipeperushi. Kwa maoni yangu, tunaanzia pasipofaa.

Mwanamke aliyevuka mpaka kwa miguu akiwa na mimba ya miezi saba hahitaji kuhubiriwa thamani ya mtoto. Anachofanya ni kupiga hesabu. Uchungu umemshika saa nane za usiku. Zahanati ya kambi haina daktari wa upasuaji, na gari la wagonjwa, kama lipo, halitoki getini bila kibali. Njiani ni giza na wanawake wanabakwa. Wale wadogo waliolala atamwachia nani? Mkunga wa jadi yuko hema la pili, na wanasikilizana lugha. Wewe ungekwenda wapi?

Mwaka 1994 watafiti Thaddeus na Maine walieleza ucheleweshaji wa aina tatu unaoua wajawazito: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Semina zetu zinashughulika na ule wa kwanza peke yake, ilhali huo nao hutokana na hiyo miwili. Anayejua gari haliji, ataamua haraka ili iweje?

Na muda ndio hana. Damu ikianza kumwagika baada ya kujifungua, saa chache tu zinatosha kumuua. Oksitosini, dawa ya kuizuia, hutakiwa kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Friji ikizima, dawa inapungua nguvu. Afadhali vidonge vya misoprosto, ambavyo havidai friji.

Mwongozo wa kimataifa wa huduma za uzazi wakati wa dharura upo tangu miaka ya 1990. Unataka, tangu siku za mwanzo za dharura, rufaa ya uzazi ifanye kazi saa 24, yaani usafiri na simu. Unataka pia wajawazito wapewe vifaa vya kujifungulia: plastiki ya kulalia, sabuni, glavu, wembe mpya, uzi wa kufungia kitovu. Vifaa hivyo hugawiwa, na picha hupigwa. Mafuta ya gari la usiku hayana picha nzuri, nadhani ndiyo maana hayapati mfadhili.

Hata akifika hospitali ya nje ya kambi, anawekewa fomu ya upasuaji asiyoweza kuisoma. Mkalimani ni binti yake anayesoma shule ya msingi. Mtoto ndiye anayetumwa kumwambia mama yake kwamba atapasuliwa tumbo! Mama akisita, linaandikwa faili kuwa amekataa huduma.

Wakati huohuo, humo kambini wamo wauguzi na wakunga waliosomea kazi hiyo kwao, wanaozijua lugha zote mbili. Vyeti vyao havitambuliwi, kwa hiyo wanaitwa wahudumu wa kujitolea na kulipwa posho, huku wakikesha zamu ileile na wenye mishahara. Wapimwe ujuzi, wasajiliwe, wapewe mkataba, na zamu ya usiku ianze nao.