Violezo vya ofisi visikae mafichoni

Angalia barua mpya inavyozaliwa katika ofisi nyingi. Mtu anafungua barua ya wiki iliyopita, anafuta jina la aliyeandikiwa, anaweka jingine, anabadili tarehe, anahifadhi kwa jina jipya, basi. Barua inaondoka ikiwa na kumbukumbu namba ya mteja mwingine chini ya ukurasa. Mkataba unatiwa saini ukiwa na kifungu kilichoandikwa kwa ajili ya mtu ambaye hahusiki kabisa. Jina la mwandishi lililofichika ndani ya faili ni la mfanyakazi aliyekwisha kuacha kazi zamani.

Dawa ya tabia hii ipo miaka mingi, nayo ni kiolezo: faili lenye fonti, pambizo, nembo na vichwa vya habari vilivyopangwa tayari, ambalo kila ukilifungua linakupa waraka mpya na lenyewe linabaki vilevile. Mbona basi watu hawalitumii? Mimi naamini sababu kubwa si uvivu wala ukosefu wa mafunzo. Sababu ni kwamba programu za ofisi zinaweka violezo mahali ambapo mtu wa kawaida hawezi kufika bila kuonyeshwa njia, na kitu usichokiona hukitumii. Ndiyo maana nasema folda ya violezo ichaguliwe na wenye ofisi, siku ileile kompyuta inapoanza kazi, na iwe mahali panapoonekana.

Tuanze na Word, maana ndiyo iliyoenea zaidi. Kwenye Windows, folda yake ya asili ya violezo iko ndani ya AppData, kisha Roaming, kisha Microsoft, kisha Templates. AppData ni folda iliyofichwa. Ukifungua folda yako ya mtumiaji hutaiona mpaka uamuru vitu vilivyofichwa vionekane, au uandike %appdata% kwenye upau wa anwani. Kwenye Mac hali ni ngumu zaidi: unapita folda ya Library, nayo imefichwa, unaingia Group Containers, unakutana na folda inayoitwa UBF8T346G9.Office, ndani yake User Content, na hapo ndipo penye Templates. Nani atapita huko kwa hiari yake akitafuta mfano wa barua?

Tangu toleo la 2013, Word ina mahali pa pili: folda inayoitwa Custom Office Templates ndani ya Documents. Hiyo angalau inaonekana. Lakini sasa tuna sehemu mbili zinazohusika na violezo, na zinarekebishwa katika kurasa mbili tofauti za mipangilio. Ukienda File, Options, Save, unakuta kisanduku cha "Default personal templates location". Ukienda File, Options, Advanced, ukashuka mpaka mwisho, unakuta kitufe cha "File Locations", na ndani yake mstari wa "User templates". Mwenye kusoma haraka atadhani ni jambo moja limeandikwa mara mbili. Sivyo, na tofauti yake ni kubwa.

Ile ya Advanced ndiyo makao ya Normal.dotm. Hilo ni faili ambalo Word hulisoma kila inapoamka, na ndilo linaloamua ukurasa mtupu uwe na sura gani. Humo mna mitindo yako ya msingi, vipande vya maandishi ulivyohifadhi, makro (amri zilizofungwa pamoja ili programu izitekeleze yenyewe) na vitufe vya mkato ulivyojitengenezea. Ukihamisha njia ya "User templates" bila kulihamisha faili hilo, Word haitalalamika. Itatengeneza Normal.dotm mpya kule ulikoielekeza, na asubuhi utakuta kila ulichokipanga kimetoweka. Hakijafutwa, kimebaki kwenye folda ya zamani, lakini asiyejua hilo ataanza upya kupanga kila kitu. Ushauri wangu uko wazi: huo mstari uache kama ulivyo. Haja ya watu wengi inatimizwa na kile kisanduku cha ukurasa wa Save.

Kama ni lazima uuguse, au unataka tu kujua folda iko wapi ili utunze nakala ya akiba, jihadhari na dirisha lenyewe. Njia ikiwa ndefu, "File Locations" huikata katikati na kuweka nukta, kwa hiyo unaona mwanzo na mwisho tu. Ukibonyeza Modify, dirisha linalofunguka linaonyesha folda peke yake, mafaili halionyeshi. Folda yenye Normal.dotm na violezo vingine kumi itaonekana kama haina kitu. Usishtuke. Bofya kwenye upau wa anwani juu ya dirisha, njia kamili itajiandika, uinakili, kisha ubonyeze Cancel. Njia hiyo ibandike kwenye kidirisha cha kawaida cha mafaili na kila kitu kitakuwepo.

Kile kisanduku cha Save nacho kina udhia wake. Katika matoleo mengi hakina kitufe cha kutafutia folda. Inabidi uandike njia herufi kwa herufi, au uinakili kutoka kwenye upau wa anwani wa folda yenyewe na kuibandika, jambo ambalo ni salama zaidi. Ukishaweka na kubonyeza OK, nenda File, New, nawe utaona sehemu inayoitwa Personal, na violezo vyako vimejipanga humo. Ukivigawa katika folda ndogo (barua, ankara, kumbukumbu za vikao) navyo vitaonekana kwa mgawanyo huohuo. Kumbuka tu kwamba Word, Excel na PowerPoint kila moja ina kisanduku chake. Kubadili kwenye Word hakubadili kwingine.

Kuna jambo jingine dogo linalowachanganya watu wakati wa kuhifadhi. Mtu anakwenda kwa uangalifu mpaka kwenye folda aliyoichagua, kisha anabadili aina ya faili kuwa "Word Template". Papo hapo programu inamhamisha, inampeleka kwenye folda yake yenyewe ya violezo bila kumuuliza. Akibonyeza Save bila kuinua macho, kiolezo kimekwenda kusikojulikana. Kwa hiyo chagua aina ya faili kwanza, folda baadaye. Na kama kisanduku cha Save umekwisha kukijaza vizuri, hata kuhamishwa huko kunakuwa msaada, kwa sababu unapelekwa palepale ulipopataka.

Nikija kwenye ofisi yenye watu wengi, hapa ndipo nina maoni makali zaidi. Kiolezo cha ofisi hakipaswi kukaa kwenye kompyuta ya mtu mmoja. Kikikaa hapo, nakala zake zitasambaa kwa barua pepe, kila mmoja ataichezea yake, na baada ya mwaka mmoja ofisi itakuwa na nembo tatu na anwani mbili. Ndani ya "File Locations" kuna mstari wa "Workgroup templates", ambao kwa kawaida uko mtupu. Uelekeze kwenye folda ya pamoja katika seva ya ofisi. Wote wapewe ruhusa ya kusoma tu, na mtu mmoja au wawili ndio wawe na ruhusa ya kubadili. Kiolezo kikirekebishwa leo, barua zote mpya kuanzia leo zitatoka na sura mpya bila kumtangazia mtu yeyote. Msimamizi wa mtandao anaweza hata kuiweka mipangilio hiyo kwa kompyuta zote kwa mkupuo, pasipo kupita meza kwa meza.

Normal.dotm lisiwekwe kwenye folda hiyo ya pamoja. Ni mali ya mtumiaji mmoja mmoja, programu huliandikia mara kwa mara, na watu wawili wakiligombea watapata ujumbe wa makosa kila wanapofunga kazi.

Yupo atakayeuliza kwa nini programu ziwe na masharti mengi juu ya folda tu. Jibu liko katika historia. Mwaka 1995 kilienea kirusi cha makro kilichoitwa Concept, ambacho kilijinakili ndani ya Normal.dot, jina la faili hilo enzi hizo, na kutoka hapo kikaambukiza kila waraka uliohifadhiwa. Mwaka 1999 kikaja Melissa, kilichotumia njia hiyohiyo ya Normal.dot na kujituma kwa anwani 50 za kwanza katika kitabu cha anwani cha Outlook. Tangu hapo ikaeleweka kwamba folda ya violezo ni mlango. Ndiyo maana kuanzia toleo la 2007 violezo vikagawanywa: .dotx visivyoweza kubeba makro, na .dotm vinavyoweza. Ndiyo maana pia kuna orodha ya "Trusted Locations", yaani mahali pa kuaminika, katika Trust Center, ukurasa wa mipangilio ya usalama, na folda ya asili ya violezo imo humo tayari. Ukihamishia violezo vyenye makro mahali papya, makro zinaweza kukataa kufanya kazi mpaka mahali hapo pasajiliwe kuwa pa kuaminika. Mimi naliunga mkono sharti hilo kwa moyo wote, na naongeza langu: kama kiolezo chako hakihitaji makro, na barua haihitaji, kihifadhi kama .dotx na usiiongezee programu mahali pengine pa kuamini.

Sasa kuna tatizo linalochelewa kujitokeza. Kila waraka wa Word hukumbuka kiolezo ulichotoka. Faili la .docx kwa hakika ni furushi la zip. Ukilifungua kama zip, katika folda ya word kuna folda ndogo ya _rels, na humo faili la settings.xml.rels. Kama waraka umeambatishwa kiolezo kisicho Normal, njia yake imeandikwa hapo, pengine pamoja na jina la seva. Ofisi ikibadilisha seva, nyaraka za miaka mitano zinaendelea kuitafuta ile ya zamani. Unabofya mara mbili, dirisha linafunguka, halafu kimya, Word inasubiri jibu kutoka kwa seva isiyokuwepo. Watu huilaumu kompyuta kwa uzee. Wengine hununua mpya, na waraka unachelewa vilevile.

Tiba ni kufungua File, Options, Add-ins, kuchagua Templates kwenye orodha ya Manage iliyo chini, kubonyeza Go, kisha kuifuta njia ya zamani na kuandika Normal mahali pake. Kwa waraka mmoja ni sekunde chache. Kwa maelfu inahitaji fundi na makro ya kupita faili moja baada ya jingine. Kwa hiyo unapochagua folda ya pamoja, chagua jina la njia litakaloweza kudumu hata mashine iliyo nyuma yake ikibadilishwa. Hili lijadiliwe na fundi mapema, kabla ya kiolezo cha kwanza kutumika.

Excel ina utaratibu wake kidogo. Ukihifadhi kiolezo kwa jina la Book.xltx katika folda inayoitwa XLSTART, kila kitabu kipya unachokifungua kwa Ctrl+N kitatoka kwa sura hiyo. Ni jambo zuri kwa wahasibu wanaotaka namba zao ziwe na mpangilio mmoja. Ila usitupie humo mafaili mengine, maana chochote kilichomo Excel itajaribu kukifungua kila inapoanza.

LibreOffice, programu ya ofisi inayotolewa bure, kwa maoni yangu, imelifikiria jambo hili vizuri kuliko wenzake. Folda yake ya asili nayo imefichwa: kwenye Linux iko ndani ya .config, kisha libreoffice, kisha 4, kisha user, kisha template. Lakini ukienda Tools, Options, ukachagua Paths, unakuta njia zote katika jedwali moja. Bofya Templates, kisha Edit, na unaruhusiwa kuongeza njia zaidi ya moja. Folda yako binafsi na folda ya ofisi zinakaa pamoja, na unatia alama ile ambayo violezo vipya vitahifadhiwa. Dirisha la kusimamia violezo linafunguka kwa Ctrl+Shift+N, nalo linakuonyesha vyote kwa picha. Kiolezo chochote unaweza kukifanya kuwa cha kuanzia nyaraka zote mpya kwa kukibofya kulia. Hakuna faili la siri linalopaswa kuogopwa.

Kwa vyovyote vile, ukishachagua folda yako, ijaribu kabla ya kuwaambia wengine. Bofya kiolezo mara mbili kutoka kwenye folda yenyewe: waraka unaofunguka unapaswa kuwa mpya, usio na jina. Ukitaka kukirekebisha chenyewe, kifungue kupitia File, Open. Wenye jukumu la kukitunza wafundishwe tofauti hiyo, na ruhusa ya kusoma tu iwalinde wengine wote. Kisha hakikisha folda hiyo imo katika orodha ya vitu vinavyotunziwa nakala ya akiba, kwa sababu nakala nyingi huchukua Documents na kuiacha AppData, na siku diski itakapokufa, violezo vilivyokuwa mafichoni vitakwenda nayo.