Gari la Mjomba Linakojoa Alfajiri

Mjomba wangu ni dereva mstaafu wa malori, na kama wastaafu wengi wa barabara ya Tunduma, hawezi kuona gari linauzwa akapita kimya. Ndivyo alivyoibuka Uyole na nyumba yenye magurudumu: gari la Kijerumani la zamani, lina kitanda juu ya kichwa cha dereva, jiko, choo, na friji inayokubali gesi, betri na umeme wa nyumbani, vyote vitatu. Lilikuwa la wasafiri wawili waliokuwa wakishuka kusini mwa Afrika. Waliachana na gari na, kwa maelezo ya Mjomba, waliachana na wao kwa wao.

Mpango wake ulikuwa kulikodisha kwa watalii wa maua ya Kitulo. "Hifadhi ya Taifa tangu 2005, watu wanaiita Bustani ya Mungu, na hakuna pa kulala!" Nikamkumbusha kwamba maua yale huchanua msimu wa mvua, kuanzia Novemba mpaka Aprili, na sisi tuko Julai, wakati ambapo kule juu kinachoota ni barafu kwenye majani. Akasema safi, atapata muda wa kulizoea gari. Akaliegesha kwa Bibi, Isyonje, pale njia ya Kitulo inapochepuka kutoka barabara ya Tukuyu, katikati ya viazi na ukungu.

Kulizoea ndiko kulikokuwa kazi. Juu ya mlango kulikuwa na safu ya swichi ambazo maandishi yake yalifutwa na vidole vya miaka mingi. Mjomba akazibatiza upya kwa kalamu na selotepu: TAA, PAMPU, SIJUI 1, SIJUI 2, na ile nyekundu akaiandika USIGUSE, kwa sababu tu ni nyekundu.

Kisha pampu ikaanza vituko. Kila alfajiri, watu wote wakiwa wamelala, inaunguruma yenyewe. Haiachi. Mjomba akiamka anakuta tanki la maji limekauka na betri ya nyumba haina hata chaji ya kuwasha balbu. (Magari haya yana betri mbili, moja ya injini na moja ya matumizi ya ndani. Bila hiyo Mjomba angekuwa anasukuma kila asubuhi.) Akanipigia simu. Mimi ni fundi umeme wa majumba, nipo Mbeya mjini. Nikamwambia hiyo ni shoti. Fundi umeme ukiulizwa kwa simu, jibu ni shoti.

Nilipofika nikakuta amemwita pia fundi umeme wa magari kutoka Uyole, mtu aliyekulia chini ya Land Rover. Tulitazamana kama wake wenza. Jambo la kwanza tulilokubaliana lilikuwa kumtoa Mjomba nje, ili mafundi wafanye kazi.

Nyuma ya kabati tulikuta waya za kutosha kuwasha Mwanjelwa nzima, na nyingi za kahawia. Nikasema kwenye nyumba za siku hizi kahawia ndiyo moto, waya unaoleta umeme. Fundi wa Uyole akasema hata kwenye Land Rover za zamani kahawia ni moto unaotoka moja kwa moja kwenye betri. Mafundi wawili, fani mbili, jibu moja! Tukapeana mikono.

Akabana testa kwenye bodi ya gari, akagusa kahawia. Haikuwaka. Akagusa nyingine. Kimya. "Zote zimekufa," akatangaza kwa sauti ya daktari. Akachukua kipande cha waya, akavuta moto kutoka betri ili azifufue.

Cheche zile zilionekana mpaka barabarani. Kipande cha waya kikawa chekundu, ganda likayeyuka, moshi ukajaa ndani, naye akatoka kwa mlango wa dereva na mimi kwa dirisha la jikoni. Mjomba alikuwa amekaa kwenye ndoo anamenya muwa.

"Mmeweka moto kwenye kahawia?" akauliza.

Tukanyamaza.

"Kwenye gari la Mjerumani kahawia ni bodi, yaani hasi ya betri. Nimeendesha Benz miaka yote hiyo, hamjui?"

"Sasa Mjomba, mbona hukusema?"

"Si mlinitoa nje ili mafundi wafanye kazi?"

Kumbe ndani ya gari lile lile, upande wa volti 12 kahawia inakwenda kwenye bodi, na upande wa volti 230 kahawia ndiyo inayoua. Aliyepanga hivyo sina la kumwambia.

Tukarudi kwa adabu, sasa Mjomba akiwa msimamizi. Tukabadilisha fyuzi, tukajaribu swichi moja moja. SIJUI 1 ikagundulika ni ngazi ya mlangoni, inatoka na kuingia kwa mota. Iligundulika wakati mwenyekiti wa kitongoji amesimama juu yake akitoa salamu za serikali. Alimalizia salamu zake akiwa amekaa kwenye gunia la viazi.

Pampu yenyewe tuliikuta nzima. Ina swichi ya presha: ukifungua bomba presha inashuka, inawaka, ukifunga, inazima. Sasa nani anafungua bomba alfajiri? Fundi wa Uyole akaanza kuulizia majirani kwa namna ambayo sikuipenda.

Jioni Bibi akaja kuchukua karai lake chini ya gari.

"Bibi, hilo karai la nini?"

"La maji, mjukuu wangu. Kukiwa na baridi kali yanatoka hapa, kwenye kimrija cheupe. Jua likipanda yanakata. Naoshea vyombo." Akamgeukia Mjomba. "Nilidhani umenivutia bomba, mwanangu. Nikasema ndaga, asante."

Tukafuata kimrija kwa ndani. Kikatupeleka chini ya kiti, kwenye tanki dogo la kuchemshia maji, na pembeni yake valvu yenye kitufe kilichochomoza. Ni kinga ya baridi: joto likishuka mpaka karibu nyuzi 3, valvu inafunguka yenyewe na kumwaga maji, yasije yakaganda na kupasua tanki. Maji yakimwagika presha inashuka, na pampu, kwa uaminifu wake, inasukuma mengine mpaka tanki kubwa liishe. Hapakuwa na shoti. Kila kifaa kilikuwa kinatimiza wajibu wake. Wabovu tulikuwa sisi.

Kesho yake alfajiri ikafunguka tena. Mjomba akabonyeza kitufe, kikaruka. Akabonyeza, kikaruka. Valvu hiyo haikubali kufungwa mpaka ipate joto la kama nyuzi 7, na Isyonje mwezi wa saba nyuzi 7 huja na chai ya saa nne. Mjomba akaishikilia kwa kidole gumba mpaka kidole kikafa ganzi. Bibi, aliyekuwa anaipua viazi, akafunga kimoja cha moto kwenye kitambaa, akakisukumiza pale. Baada ya muda kidogo: tak! Ikakubali. Pampu ikanyamaza.

Tangu hapo kuna selotepu mpya juu ya kile kiti: WEKA KIAZI USIKU. SIJUI 2 bado hatuijui. Mjomba anaibonyeza kila siku akipita, kwa heshima tu.

Ila maji bado yanamwagika asubuhi nyingine. Mjomba akienda kuangalia anakuta kitambaa kitupu, na maganda yamepangwa vizuri pembeni pamoja na punje za chumvi. Bibi anasema ni panya, na karai lake limejaa.