Lebo ya mkono au ya moja kwa moja? Viungo vya vichwa katika Sphinx

Anayeandika nyaraka kwa reStructuredText (lugha ya alama za kupangia maandishi) na kuzizalisha kwa Sphinx (programu inayozigeuza kuwa kurasa za wavuti) ana njia mbili za kuunganisha kichwa cha sehemu na faili nyingine. Ya kwanza ni kuweka lebo, yaani jina la kurejelea, kwa mkono:

```
.. _nakala-rudufu:

Kuhifadhi nakala rudufu
=======================
```

Kwingine kokote unaandika :ref:`nakala-rudufu`, na maneno ya kiungo yanachukuliwa kwenye kichwa chenyewe. Wengi hukwama kwenye kistari cha chini: kinatangulia jina unapotangaza lebo, ila unaporejelea hakiwekwi. Lebo ikikaa juu ya aya ya kawaida badala ya kichwa, Sphinx haina maneno ya kuonyesha; itabidi uyaandike mwenyewe: :ref:`soma hapa <nakala-rudufu>`.

Njia ya pili ni kuwasha kiendelezi cha sphinx.ext.autosectionlabel ndani ya conf.py, faili ya mipangilio ya mradi. Kila kichwa kinageuka lebo bila jasho, na kwa mwongozo wa faili mbili tatu raha hiyo ni ya kweli.

Taabu huanza mradi ukikua. Faili mbili zikiwa na kichwa "Mipangilio", unapata onyo la lebo kujirudia, na msomaji anaweza kupelekwa kusikokusudiwa. Dawa yake ni autosectionlabel_prefix_document = True, ambapo rejeleo linakuwa :ref:`mwongozo/kuanza:Mipangilio`. Lakini sasa kiungo kimefungwa kwenye njia ya faili: ukiihamisha faili hiyo, kinakatika. Ukirekebisha neno moja la kichwa, kinakatika pia.

Na kukatika kwenyewe ni karibu kwa kimya. Kwa kawaida Sphinx hutoa onyo tu na kuendelea. Ukurasa unatoka ukiwa na maneno matupu yasiyobofyeka. Kibaya zaidi ni viungo vinavyotoka tovuti nyingine, kwani nanga ya HTML (kipande cha anwani baada ya alama ya #) inayotokana na kichwa hubadilika pamoja nacho na hakuna onyo lolote. Lebo ya mkono huacha nanga yake palepale hata kichwa kiandikwe upya.

Gharama ya lebo za mkono ni kubuni majina yasiyojirudia katika mradi mzima, na kazi hiyo inachosha. Hata hivyo, sehemu yoyote inayorejelewa kutoka faili nyingine naona inastahili lebo yake. Njia yoyote utakayochagua, zalisha kurasa kwa sphinx-build -W --keep-going: maonyo yote yataonekana, kisha kazi itahesabiwa imeshindwa.