Hati ya Voynich haijakosa wajanja, imekosa daftari la pamoja

Kila baada ya muda mfupi anajitokeza mtu na kutangaza kwamba ameisoma Hati ya Voynich, kitabu cha kale kilichoandikwa kwa alama ambazo hakuna anayejua maana yake. Mwaka 2018 walikuwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, ambao kompyuta yao iliwaelekeza kwenye Kiebrania. Mwaka 2019 alikuwa Gerard Cheshire, aliyedai kwamba ni lugha ya kale iliyozaa Kiitaliano, Kihispania na ndugu zake. Chuo Kikuu cha Bristol kiliitangaza habari hiyo kwa fahari, kisha kikajitenga nayo upesi baada ya wataalamu wa Zama za Kati kuipinga. Hati yenyewe imetulia katika maktaba ya Beinecke, Chuo Kikuu cha Yale, kwa namba MS 408: kurasa kama 240 za ngozi ya ndama, zenye mimea isiyotambulika, nyota na wanawake walio majini. Kipimo cha kaboni cha mwaka 2009 kiliiweka ngozi hiyo kati ya 1404 na 1438. Hakuna hata sentensi moja iliyosomwa kwa namna ambayo wataalamu wengine wameiridhia.

Ndiyo maana wito wa kuratibu utafiti wa hati hii haufi, na haukosi wapinzani. Wapinzani wana hoja. Wanasema mafumbo makubwa ya maandishi yamefumbuliwa na watu waliokwenda kinyume na wenzao. Wanamtaja Michael Ventris, msanifu majengo wa Uingereza ambaye mwaka 1952 aliyasoma mabamba ya Krete na Ugiriki yenye mwandiko wa kale uitwao Linear B. Miaka miwili kabla yake Ventris aliwatumia wataalamu maswali ili akusanye maoni yao. Kauli iliyotawala wakati huo ilikuwa kwamba lugha ile si Kigiriki, na Ventris mwenyewe aliamini ina udugu na Kietruski, lugha ya kale ya Italia. Ikaja kuonekana ni Kigiriki. Kama kungekuwa na kamati ya kuamua njia ipi ifuatwe na ipi iachwe, njia ya kweli ingefungwa mapema. Hofu hii naiheshimu, maana watu wakizoea kukubaliana hufika mahali wakaogopa kutofautiana.

Lakini kisa hicho hicho cha Linear B kina upande wa pili ambao wapinzani huuruka. Mwanaakiolojia wa Uingereza Arthur Evans alianza kuchimba Knossos, huko Krete, mwaka 1900 na akapata mabamba kwa maelfu. Alichapisha sehemu ndogo tu. Alifariki mwaka 1941, na mkusanyo wake mkubwa ukatoka mwaka 1952, zaidi ya nusu karne tangu mabamba yatoke ardhini. Katika muda huo Alice Kober, mwalimu wa chuo jijini New York, alijenga kwa kadi za mkono msingi ambao Ventris alikuja kujenga juu yake, akitumia maandishi machache aliyoruhusiwa kuyaona. Kober alifariki mwaka 1950, kabla ya kuona mwisho wa kazi yake. Kwa hiyo ni kweli kwamba Ventris aliona alichoona akiwa peke yake, lakini aliona baada ya vifaa kuwekwa mezani, na vifaa vilikuwa vimecheleweshwa na mtu mmoja aliyevikalia.

Kwa Voynich, mfano unaoniumiza zaidi ni wa William Friedman, kiongozi wa kikosi cha Marekani kilichovunja msimbo wa kidiplomasia wa Japani kabla ya nchi hizo mbili kuingia vitani. Mwaka 1944, vita vikiendelea, aliwakusanya wenzake jijini Washington wakawa wanakutana baada ya saa za kazi kuichambua hati hii. Walianza na jambo la msingi: kila alama ipewe herufi ya kawaida, kisha maandishi yapigwe kwenye kadi za matundu ili mashine ziweze kuhesabu. Mwaka 1946 vita vilikuwa vimekwisha, watu wakatawanyika, na kundi likafa. Kazi yao haikuchapishwa. Ilibaki katika nyaraka za Friedman, na nyaraka hizo zikaishia katika maktaba ya Marshall, Lexington, jimbo la Virginia.

Tazama kilichofuata. Miaka ya 1970 Prescott Currier, ofisa mstaafu wa jeshi la majini, alitaka kuhesabu alama za hati, ikambidi ainakili upya. Mary D'Imperio wa NSA, shirika la usalama la Marekani, naye akanakili. William Bennett, mwanafizikia wa Yale, akatengeneza nakala yake pia, kwa herufi alizochagua mwenyewe. Watu wenye akili adimu walitumia macho yao kurudia kazi ambayo wanajeshi wa Friedman walikwisha kuifanya kwa sehemu kubwa, na kila mmoja aliifanya kwa alfabeti yake, hata mahesabu yao hayakuweza kuwekwa kando kwa kando bila kutafsiriwa kwanza. Ni mwanzoni mwa miaka ya 1990 ambapo mtafiti Jim Reeds aliifukua kazi ya Friedman, ikaingizwa kwenye kompyuta na kuwafikia wengine. Karibu nusu karne ilikuwa imepita.

Sisemi kwamba bila ucheleweshaji huo hati ingekuwa imesomwa. Ninachosema ni kwamba yale machache tunayoyajua kwa uhakika yangejulikana mapema. Mwaka 1976 Currier alionyesha kwa hesabu kwamba maandishi yana sura mbili, akaziita A na B: maneno yanayojaa katika kurasa za kundi moja huwa adimu katika kundi jingine, na miandiko nayo hutofautiana. Ugunduzi huu haukuhitaji mtu ajue maana ya neno lolote. Ulihitaji nakala safi na uvumilivu wa kuhesabu, na nakala ya kwanza ilikuwepo tangu 1946. Kwa miaka thelathini watu waliendelea kuichukua hati kama kazi ya mkono mmoja, wakachanganya kurasa zote katika chungu kimoja na kutafuta ufunguo mmoja wa kufungua zote. Mwaka 2020 Lisa Fagin Davis, mtaalamu wa miandiko ya Zama za Kati, aliendeleza njia hiyo na kutofautisha miandiko mitano. Waandishi watano hubadili swali zima. Ni vigumu sasa kumfikiria mwendawazimu mmoja chumbani mwake. Tunalazimika kufikiria watu kadhaa waliofundishana mfumo mmoja wa kuandika, na mahali walipoufanyia kazi.

Na tabia ya kukalia vifaa haijaisha. Mwaka 2014 kurasa 10 za hati zilipigwa picha kwa mianga ya aina mbalimbali, ile inayofichua wino uliofifia. Picha hizo zilitolewa hadharani mwaka 2024. Katika ukurasa wa kwanza zilionyesha safu za herufi ambazo mtu fulani aliziandika zamani, akilinganisha alama za hati na alfabeti ya Kilatini, na Davis alizihusisha na mwandiko wa Johannes Marcus Marci, daktari wa Prague aliyeituma hati kwa msomi Athanasius Kircher huko Roma miaka ya 1660. Yaani jaribio la kuifumbua lenye umri wa zaidi ya miaka 350 lilikuwa limepigwa picha, na watafiti wengi wakangoja miaka kumi kuliona.

Kuna hoja moja ya wapinzani inayostahili jibu la makini zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti Gabriel Landini na René Zandbergen walisaidia kupatikana kwa alfabeti ya pamoja ya kunakilia hati, iitwayo EVA, na leo karibu kila programu ya kuchambua Voynich huanzia hapo. Wakosoaji wanasema EVA imekwisha kuamua kimyakimya alama ipi ni moja na ipi ni mbili zilizounganishwa, na kosa likiwa humo, basi wote wanalirithi. Hilo ni kweli. Hata ule upungufu wa mshangao uliopimwa na Bennett, yaani jinsi herufi moja inavyotabirika ukiijua iliyotangulia (kwa kipimo cha biti, ambapo namba ndogo huonyesha kutabirika zaidi, ni karibu 2, na lugha za Ulaya hupita 3), husogea kidogo ukibadilisha namna ya kugawa alama. Lakini tazama jinsi tunavyolijua hilo: ni kwa sababu nakala kadhaa ziko wazi na mtu yeyote anaweza kuzilinganisha. Kosa lililo ndani ya kazi ya pamoja huonekana. Lililofungiwa ndani ya daftari la mtu hufa naye, au humdanganya maisha yake yote kama lilivyomdanganya William Newbold wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, aliyeona mwaka 1921 herufi ndogo mno ndani ya kila alama. Miaka kumi baadaye msomi John Manly alionyesha kwamba zilikuwa nyufa za wino uliokauka. Newbold alikuwa amekwisha fariki.

Kwa hiyo uratibu ninaoutetea hauhusu nani aamini nini. Anayeona Kilatini kilichofupishwa aendelee, anayeona lugha ya kubuni aendelee, na mtafiti Gordon Rugg aliyeonyesha mwaka 2004 kwamba maandishi ya namna hii yanaweza kuzalishwa kwa jedwali na karatasi yenye matundu, bila maana yoyote, naye asikilizwe. Kinachopaswa kuwa cha wote ni picha, nakala, hesabu, na orodha ya majaribio yaliyoshindwa pamoja na sababu za kushindwa kwake.

Kisha kuna kipimo, na kipimo hiki hakihitaji kubuniwa. Mwaka 1857, wengi walipokuwa wakiwacheka waliodai kusoma mwandiko wa kikabari wa Waashuru, Jumuiya ya Kifalme ya Mambo ya Asia jijini London ilipokea tafsiri za andiko moja la Mfalme Tiglath-Pileser I kutoka kwa watu wanne: Rawlinson, Hincks, Talbot na Oppert. Kila mmoja alifanya kazi yake mbali na wengine na kuileta imefungwa kwa lakiri. Bahasha zilipofunguliwa mbele ya waamuzi, tafsiri zilikubaliana katika mambo makuu, na mzozo wa kama kikabari kinasomeka ukaishia pale.

Anayedai kuisoma Hati ya Voynich anaweza kupimwa vivyo hivyo. Atoe ufunguo wake wote kwa maandishi. Wasomi watatu wasiojuana wapewe ufunguo huo na ukurasa ambao yeye hakuutumia kuutengeneza, kila mmoja atafsiri peke yake, na bahasha zifunguliwe siku moja, hadharani. Kama ufunguo unamwachia msomaji nafasi ya kuchagua atakavyo, tafsiri tatu zitakwenda njia tatu. Beinecke inafaa kushika bahasha hizo, kwa kuwa hati ni yake tangu 1969, picha zake imeziweka wazi kwa watu wote, na haina nadharia ya kulinda. Gharama yake ni ndogo kuliko mkutano mmoja wa waandishi wa habari.