Mjomba anataka dizeli, mimi naogopa nozo

Ukoo wetu una chama kidogo hapa Kampala, watu wa Arua tuliotawanyika Bwaise, Kawempe mpaka Bombo, na huu ni mwaka wa pili tunachanga pesa za gari la safari. Si la biashara. Ni la misiba, harusi na Idi, la kwenda na kurudi mara moja kwa mwezi hivi, watu kumi na wanne na mizigo yao. Kwamba liwe HiAce ile tunayoiita droni, tulikubaliana siku ya kwanza. Kilichotugawa ni injini. Mjomba anasema gari la safari ndefu ni dizeli, basi. Mimi nasema petroli, na kikao kilichopita sauti zilipanda mpaka shangazi akaleta chai kabla ya wakati wake.

Nianze na hoja za Mjomba, maana ana haki nyingi kuliko nilivyokubali siku ile. Droni nyingi zilizoko kwenye mabondi ya Kampala, zile yadi za kuuzia magari yaliyoingizwa nchini, zilizaliwa Japani zikiwa vani za mizigo, na viti vya abiria vimefungwa hapa. Vani ya namna hiyo hukadiriwa kubeba tani moja au kupita kidogo. Watu kumi na wanne wa kilo sabini ni kilo 980 kabla hujapakia hata gunia la mihogo mikavu. Kwa mzigo huo nguvu ya kuvuta si anasa. Dizeli ya lita 3.0, ile 1KD, hutoa nyutoni-mita 300 ikiwa bado kwenye mizunguko ya chini. Petroli ya lita 2.0 iliyomo kwenye vani nyingi nyembamba hutoa kama 180 tu, tena mpaka uikanyage ilie. Ukipanda kutoka Kabale kwenda Kisoro kupitia Kanaba ukiwa umejaza, tofauti hiyo utaisikia kwenye giaboksi na kwenye mshale wa joto. Kama wakwe zetu wangekuwa Kisoro, mjadala huu ungekuwa umekwisha.

Halafu kuna mafuta. Kwa makadirio yangu, petroli ya 2.0 ikiwa imejaa hupata kilomita 9 kwa lita, na dizeli 11. Tangi ni lita 70. Kampala mpaka Arua ni karibu kilomita 500, kwa hiyo zote mbili zinafika bila kuongeza, ila ya petroli inaingia mjini ikiwa na kama lita 14 tu, na ya dizeli bado ina 25 za kuzungukia kwa ndugu. Mwaka 2024 daraja la Karuma, lililo kwenye njia yetu, lilipofungwa kwa matengenezo, magari madogo yalizungushwa kwa Masindi na Paraa. Siku kama hizo lita kumi za ziada hupunguza maombi ndani ya gari.

Sasa twende kwenye hesabu, na hapa ndipo Mjomba na mimi tunapoachana. Kwenda na kurudi ni kilomita 1,000. Petroli inakula lita 111, dizeli 91. Chukua bei ya shilingi 5,000 kwa lita kwa zote, kurahisisha tu: dizeli inakuokolea laki moja kila safari. Mwenye teksi anayekwenda Arua mara tatu kwa wiki anaokoa zaidi ya milioni kumi na tano kwa mwaka, na kwake dizeli haina mpinzani. Sisi tunaokwenda mara kumi na mbili tunaokoa milioni moja na laki mbili. Nozo, yaani vile vipulizio vya mafuta ndani ya injini, nne mpya na halisi za 1KD, zitaimeza akiba hiyo yote na kudai nyingine. Watu wanaiga injini ya teksi bila kuwa na safari za teksi.

Na nozo sizitaji kwa kutisha watu. Dizeli za zamani, kama 5L, zilikuwa na pampu ya kawaida. Fundi wa barabarani mwenye spana na mdomo wa kunyonya mpira wa mafuta aliweza kukuondoa ulipokwama. Hizi za kisasa za D-4D, 1KD ikiwemo, husukuma mafuta kwa shinikizo kubwa mno kupitia vitundu vyembamba, na zinasimamiwa na kompyuta. Maji kidogo au uchafu kwenye mafuta unatosha kuziharibu. Ugonjwa mwingine wa 1KD unaojulikana ni vile vipete vya shaba vya kuzibia vilivyo chini ya nozo. Vikichoka, moshi wa mwako hupenya na kushuka kwenye oili, oili inakuwa nzito kama lami, na mwishowe chujio la chini kwenye karta, lile bakuli la oili, linaziba. Injini inakauka oili huku wewe unaimba. Dalili hutokea mapema: mlio wa kugonga asubuhi ikiwa baridi, na oili kuwa nyeusi na nzito kabla ya muda wake. Lakini ni nani katika chama chetu atakayelisikiliza gari asubuhi, ikiwa limeegeshwa wiki tatu kwa mtu ambaye zamu yake imekwisha?

Hili la mafuta machafu lilinipata mwenyewe miaka ya nyuma, na vani ya dizeli niliyokuwa nimeazima. Tulijaza kituo fulani njiani, tukavuka Karuma, na kabla ya kufika Olwiyo taa ya chujio ikawaka, gari likaanza kukohoa, likafa. Upande mmoja nyani, upande mwingine nyani. Chini ya chujio la dizeli kuna skrubu ya kumwagia maji, na mimi nilikuwa sijui hata ilipo. Dereva wa lori ndiye aliyenionyesha. Tulimwaga karibu nusu kikombe cha maji. Likawaka. Nozo mbili hazikupona, na mwenye gari alinisamehe kwa shingo upande.

Mjomba hapa hujibu kwamba mafuta yamekuwa bora, na si uongo. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, kutoka 500, na serikali hutia alama kwenye mafuta ili kuwakamata wanaochanganya na mafuta ya taa. Ila salfa ni jambo moja na maji ya tangi la kituo cha kijijini ni jambo lingine. Tena baadhi ya vani za dizeli za Kijapani za miaka ya karibuni zina kichujio cha masizi kwenye ekzosi, ambacho hujisafisha kwa joto la mwendo mrefu. Gari linaloshinda Bwaise kwenye foleni na kusafiri mara moja kwa mwezi halikipi nafasi hiyo.

Petroli nayo ina maovu yake. Ukitaka kufikia plagi unainua viti vya mbele, kwa kuwa injini iko chini ya makalio ya dereva. Koili za kuwashia plagi hufa bila kuaga. Lakini 1TR, yaani ile petroli ya 2.0, ina cheni, haina mkanda wa taiming, na hilo kwa gari la mtumba lina uzito mkubwa. Mkanda wa 1KD hutajwa kubadilishwa kila kilomita 150,000. Kilomita zipi? Zile za kwenye dashibodi zilizorudishwa nyuma na mtu usiyemjua? Ukinunua dizeli, ubadilishe mkanda wiki ya kwanza na uandike tarehe. Fedha hiyo iingie kwenye bei ya gari, si kwenye bajeti ya baadaye ambayo haitakuja.

Kwenye joto zote mbili ni dhaifu sawa, na hapa namgombeza kila mtu. Kuna mafundi ambao gari likichemka kidogo wanatoa themostati, kile kifaa cha kudhibiti joto la injini, na kutupa, wanajaza rejeta maji ya bomba, wanakwambia sasa inapumua. Maji ya bomba yanakula rejeta kwa kutu na chumvi, na injini isiyo na themostati haishiki joto lake. Kutoka Kampala, mita 1,200 hivi juu ya bahari, unashuka mpaka Pakwach, kwenye mita 600 na kitu, jua la saa nane mchana likiwa juu ya paa. Hedi ya injini ikipinda pale kwa joto, haiulizi kama ulinunua petroli au dizeli. Kulanti halisi ya kupozea injini, kifuniko cha rejeta kipya na mabomba ya mpira mapya ni pesa ndogo kuliko kukodi gari la kukuvuta.

Mpira ndio unaosahaulika kabisa. Sheria ya 2018 inakataza kuingiza Uganda gari lililotimiza miaka 15 tangu litengenezwe; Kenya mwisho ni miaka 8. Kwa hiyo vani ya bondi ya Kampala inaweza kuwa na kilomita chache za kweli na bado bushi, mabomba na matairi yake ni wazee. Soma tarakimu nne ubavuni mwa tairi: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Na droni huvaa 195/80R15 yenye herufi LT, tairi la kubeba mzigo. Anayekuuzia la gari dogo kwa sababu linaingia kwenye rimu anakuuzia ajali. Usisahau pia kuinama chini: vani zilizotoka mikoa ya theluji ya Japani hula chumvi ya barabarani, na kutu yake haionekani ukiwa umesimama.

Nilipoyaeleza haya yote kikaoni, Mjomba alinyamaza kidogo kisha akauliza kama ile petroli ya lita 2.7 haipatikani, yenye cheni na nguvu pia. Inapatikana, mara nyingi kwenye zile pana, na inakunywa kuliko zote tulizozijadili. Akasema basi tupige hesabu upya, safari hii kwa kilomita 8 kwa lita. Kikao ni Jumapili.