Saini tatu kabla ya Novemba: kujifunga na chuo kimoja kunamfaa nani?

Kila mwishoni mwa Oktoba, wanafunzi wengi wa mwaka wa mwisho wa sekondari nchini Marekani huletewa fomu fupi yenye nafasi za saini tatu: ya mwanafunzi, ya mzazi na ya mshauri wa shule. Ni fomu ya Early Decision, yaani kuomba mapema kwa kujifunga. Ukisaini, umeahidi kwamba chuo hicho kimoja kikikukubali katikati ya Desemba, utakwenda huko na kuyafuta maombi mengine yote. Wasiojifunga hutuma maombi yao hadi mapema Januari, na kwa kawaida wana muda hadi Mei 1 kuchagua.

Ushauri unaosikika mitaani ni kwamba ujifunge tu, maana mlango wa mapema ni mpana. Si uongo. Vyuo kadhaa vyenye ushindani mkali hujaza nusu ya nafasi zake au zaidi kwa njia hii, na sababu yake iko wazi: chuo kinampenda mtu ambaye kina hakika atakuja, kwani kila anayekubaliwa kisha akaenda kwingine huvuruga hesabu ya vitanda na ya ada. Ila asilimia za wanaokubaliwa mapema zinataka kusomwa mara mbili. Katika kundi hilo la mapema wamo wanamichezo ambao makocha wameshawachagua na, katika baadhi ya vyuo, watoto wa waliosoma hapo. Ukiwatoa hao, faida ya mwanafunzi wa kawaida hubaki, lakini si nene kama anavyoambiwa.

Mimi kinachonisumbua ni pesa. Tuseme una barua mbili za msaada wa masomo mezani. Ya kwanza imeandika kwa herufi nene dola 40,000. Shuka nayo mstari kwa mstari: ruzuku ni 22,000, zilizobaki ni mkopo wako, mkopo wa mzazi, na ujira wa kazi ya chuoni ambayo hujaifanya hata saa moja. Ya pili inasema 30,000 tu, zote ruzuku. Kama ada za vyuo hivyo zinakaribiana, barua "ndogo" ndiyo kubwa, na unaweza kurudi nayo kwenye chuo cha kwanza ukaomba uongezewe. Aliyejifunga ana barua moja. Hana cha kulinganisha nacho wala cha kujadiliana nacho.

Watetezi wa utaratibu huu hujibu kwamba msaada ukiwa hautoshi, mwanafunzi huachiliwa. Ni kweli, na ni haki kulisema hilo. Lakini anaachiliwa Desemba, huku milango ya Januari ikikaribia kufungwa, na anaamua kukataa ofa iliyo mkononi bila kujua kwingine angepewa nini. Inahitaji moyo mgumu kwa kijana wa miaka 17.

Hoja hiyohiyo, kwamba utaratibu huu hauwatendei sawa wasio na pesa, ndiyo iliyovifanya Harvard na Princeton vifute maombi ya mapema mwaka 2006, vikisema yanawabeba waliokwisha kubebwa. Mwaka 2011 viliyarudisha, ila kwa mtindo usiomfunga aliyekubaliwa. Vyuo vyenye mtindo huo ningemwambia mtu yeyote aombe mapema, almradi insha yake imeiva.

Wa kujifunga ni yule ambaye hata akikubaliwa kote angechagua chuo hichohicho, na ambaye nyumbani bei imeshazungumzwa kwa tarakimu. Tarakimu zenyewe zipo: tangu 2011 sheria inavitaka vyuo viweke kwenye tovuti zao kikokotoo cha gharama halisi, ambapo familia inajaza kipato chake na kupata makadirio. Kwa mzazi mwenye mshahara wa kila mwezi huwa yanakaribia ukweli. Kwa mwenye biashara yake mwenyewe, au wazazi waliotengana, yanaweza kupotoka sana. Hao waandikie ofisi ya misaada ya chuo mwezi Septemba, waombe makadirio kwa maandishi, na saini ya mzazi isubiri jibu.